Mradi wa utafiti mtandaoni kwenye somo la Kiswahili: namna ya kuuandaa ili usiishie kunakiliwa

Mwalimu anayesema "nendeni mtandaoni mtafute habari kuhusu lahaja za Kiswahili" atasahihisha kazi moja mara arobaini. Mimi nilisahihisha. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniandikia kwa mwandiko safi, wino wa bluu, kurasa nne, na pembeni ya kila kichwa kidogo akaweka kwenye mabano: hariri, hariri chanzo. Alikuwa amenakili ukurasa wa Wikipedia ya Kiswahili pamoja na vitufe vyake. Nilimpa sifuri. Siku mbili baadaye niliifuta, maana nilipolisoma upya swali langu niliona kwamba alifanya kile nilichomtuma.

Tangu hapo walimu wenzangu wamekuwa wakiniletea miradi yao iliyokwama, na karibu yote imekwama palepale. Shida haiko kwenye vifaa wala kwenye uvivu wa wanafunzi. Jibu la swali tayari limekaa kwenye ukurasa fulani, limeandikwa vizuri kuliko mwanafunzi anavyoweza kuandika, na hakuna sababu ya maana ya yeye kutolichukua.

Umbo la mradi ninaloeleza hapa linajulikana kwa walimu wengi duniani kama WebQuest, na aliyelianzisha ni Bernie Dodge wa San Diego State University mwaka 1995. Historia tuiache hapo. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, kazi niliyoifanya na darasa langu wakati wa mada ya uundaji wa maneno: ile teknolojia ya kompyuta inayoandika na kujibu kama mtu tuiite akili bandia, akili mnemba au akili unde?

## Andaa hivi kwanza

- Kishikwambi, simu au kompyuta moja kwa kila kikundi cha wanafunzi wanne. Ukiwa na kishikwambi kimoja tu, hasa vile walivyogawiwa walimu wa Tanzania baada ya sensa ya 2022, mradi bado unawezekana, utachapisha kurasa.
- Bando lako mwenyewe, la kutafuta na kupakua nyumbani. Usitegemee mtandao wa darasani hata kama upo.
- Kurasa 8 hadi 12 ulizozichagua wewe, zimehifadhiwa kama PDF.
- Kamusi mbili za Kiswahili za matoleo tofauti. Nakala ya maktaba yenye jalada lililochanika inatosha.
- Kadi za manila za ukubwa wa kiganja, kama 12 kwa kila kikundi.
- Karatasi ya kazi, ukurasa mmoja tu.
- Vipindi vitano vya dakika 40. Ukipata viwili vilivyoungana, viweke katikati.

Pale ambapo wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, zungumza na mwalimu wa taaluma mapema na umwonyeshe karatasi ya kazi. Nilishawahi kuona mradi mzima ukifa kwa sababu mwalimu wa zamu alikusanya vifaa vyote kipindi cha kwanza, na hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia.

## Hatua ya 1: Anza na lengo la lugha

Kabla hujafikiria mtandao, kamilisha sentensi hii: mradi ukiisha, mwanafunzi ataweza kufanya nini kwa Kiswahili ambacho leo hawezi?

Kwangu majibu yalikuwa mawili. Aweze kugeuza kauli halisi, yaani maneno ya msemaji yalivyo, kuwa kauli taarifa, yaani kuripoti alichosema, bila kuvuruga nyakati na vionyeshi (hili, hilo). Na aweze kupinga hoja kwa viunganishi vingine zaidi ya "lakini": ilhali, hata hivyo, ijapokuwa, kwa upande mwingine.

Sababu ni kwamba mradi wa mtandaoni hupotea haraka sana ukawa somo la kompyuta, au la uraia, au la jiografia. Wanafunzi wanafurahi, picha zinapendeza, na Kiswahili chao kinabaki kilekile. Lengo la lugha ndilo linaloamua kazi iwe ya aina gani. Nilihitaji kauli taarifa, kwa hiyo nilihitaji mada ambayo watu wengi wamesema mambo yanayogongana, ili mwanafunzi alazimike kuripoti nani kasema nini.

Umefaulu hatua hii ukiweza kutaja miundo miwili, usizidishe, ambayo lazima ionekane kwenye kazi ya mwisho.

## Hatua ya 2: Tunga swali lenye ugomvi ndani yake

"Akili bandia ni nini?" ni swali la kunakili. "Gazeti letu litumie neno gani kati ya haya matatu, na kwa nini?" halina ukurasa wa kunakili, kwa sababu mwandishi wa kila ukurasa ameshachagua neno lake bila kueleza, au anatumia mawili kwenye habari moja.

Na ugomvi wenyewe ni wa kweli. Bandia tunalijua kwenye noti bandia na meno ya bandia. Lina harufu ya kudanganya. Unde linatoka kwenye kuunda, kwa njia ileile iliyotupa mtume kutoka kutuma na mteule kutoka kuteua: kilichoundwa, aliyetumwa, aliyeteuliwa. Mnemba nusu ya darasa langu walilijua kama jina la kisiwa tu. Kila neno lina nguvu yake na lina kilema chake, na hapo ndipo mwanafunzi anapata la kusema.

Lipime swali lako hivi kabla ya kulipeleka darasani:

1. Liandike kwenye Google. Ukurasa wa kwanza ukilijibu lote, litupe.
2. Liulize programu ya akili unde (naam, nimeshachagua upande). Ikikupa jibu ambalo ungelipa alama 15 kati ya 20, libadilishe mpaka jibu hilo lisiwezekane bila ushahidi uliokusanywa kwa mkono.
3. Mwulize mtu nyumbani. Akisema "inategemea" na akaanza kubishana nawe, unalo.

Kipimo cha pili wengi wanakiruka. Wanafunzi hawakiruki. Wa kutwa wana simu za dada na kaka zao jioni, na barua utakayoletewa itakuwa laini kama sabuni, haina kosa la ngeli hata moja. Kuwafokea hakuondoi tatizo. Kadi za ushahidi kwenye hatua ya 6 zinaliondoa.

## Hatua ya 3: Mpe mwanafunzi kazi ya mtu fulani, na msomaji wa kweli

Kila kikundi changu kilikuwa dawati la usanifu wa lugha la gazeti. Mhariri anataka neno moja la kutumia kuanzia toleo lijalo. Dawati linamwandikia barua isiyozidi maneno 250 yenye pendekezo, ushahidi usiopungua vipande vitano, na jibu kwa anayetaka neno jingine.

Ukomo wa maneno ni wa lazima. Bila ukomo wanajaza. Wakiwa na maneno 250 wanaanza kuchagua, na kuchagua ndiko kunakoleta viunganishi.

Msomaji naye awe mtu ambaye watamwona. Nilimwomba mwalimu wa fizikia akae kama mhariri, kwa kuwa yeye hutumia neno la Kiingereza tu na hakutaka kusikia la Kiswahili. Wanafunzi walijua wana mtu mgumu wa kumshawishi.

## Hatua ya 4: Tafuta wewe kabla yao

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mimi ilinichukua jioni tatu.

Wazo kwamba wanafunzi "watajifunza kutafuta" kwa kuachiwa mtandao mzima linasikika vizuri kwenye semina. Darasani, kipindi cha dakika 40 kinaisha wakati kikundi kimoja bado kinasubiri ukurasa ufunguke na kingine kiko kwenye matokeo ya mpira. Wape kurasa zako kwanza. Kutafuta kwa uhuru kuje mwishoni, dakika 20, kwa swali dogo lililobaki.

Namna ya kutafuta kwa Kiswahili. Funga kirai kwa alama za kunukuu, "akili mnemba", la sivyo utaletewa kurasa zenye akili peke yake na mnemba peke yake. Nilijaribu mnemba tupu nikapata hoteli, kasa na wapiga mbizi wa kisiwa cha Mnemba kaskazini mashariki mwa Unguja, picha za maji ya samawati zenye bei ya usiku mmoja ambayo sitaiandika hapa. Kisha bana utafutaji ndani ya tovuti moja: andika "akili bandia" site:bbc.com/swahili, halafu rudia kwa dw.com/sw, mwananchi.co.tz na sw.wikipedia.org. Taifa Leo la Kenya lisikose, kwa sababu msamiati wa Nairobi na wa Dar es Salaam mara nyingi hauendi pamoja, na mwanafunzi wa Tanzania anapaswa kuliona hilo kwa macho. Ongeza tamko lolote la BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, utakalolipata kuhusu istilahi yako.

Namna ya kuchagua. Soma kila ukurasa wote. Aya ya kwanza ikiwa na maneno zaidi ya saba ambayo mwanafunzi wako wa kati hayajui, uache. Ukiwa mrefu, kata uchukue aya zinazohusika na uandike juu kwamba umekata. Hakikisha una tarehe na mwandishi, au angalau jina la chombo. Hakikisha pia pande zote za ugomvi zina kurasa zinazokaribiana kwa idadi. Ukiweka sita za unde na moja ya bandia, umeshapiga kura kwa niaba yao.

Kurasa zilizotafsiriwa na mashine. Kuna tovuti nyingi zinazojiita za Kiswahili ambazo hakuna Mswahili aliyezigusa. Utazijua kwa ngeli: sentensi inaanza na kitu cha KI-VI, inaishia na kitenzi cha A-WA, na katikati kuna "ambayo" isiyo na mwenyewe. Usiziingize kwenye hesabu ya matumizi, kwa kuwa neno lililotokea mara mia kwenye tovuti hizo halijatumiwa na mtu hata mara moja. Ila mimi huacha moja kwa makusudi kati ya kurasa kumi na mbili, na kikundi kinachoikamata kabla ya kipindi cha tatu napigia makofi. Lile zoezi dogo la kuikamata limewafundisha upatanisho wa kisarufi kuliko majedwali yangu ya ngeli.

Namna ya kuhifadhi. Kwenye simu ya Android, fungua vitone vitatu juu, nenda sehemu ya kushiriki, chagua kuchapisha, kisha hifadhi kama PDF. Usitegemee viungo. Habari ya gazeti inaweza kuhamishwa au kufungiwa nyuma ya malipo usiku wa kuamkia kipindi chako.

Umefaulu ukizima data, ukafungua kila faili, na zote zikasomeka.

## Hatua ya 5: Gawa kurasa ili hakuna anayeweza kumaliza peke yake

Wanafunzi wanne, sehemu nne: mmoja anasoma magazeti ya Tanzania, mmoja ya Kenya, mmoja idhaa za kimataifa, na wa nne anakaa na kamusi akifuatilia asili na maana za kila neno. Kila mmoja anaona kurasa zake tu. Barua haiwezi kuandikwa mpaka wote wanne wameelezana, na kuelezana huko ndiko mazungumzo ya Kiswahili uliyokuwa unayatafuta.

Tahadhari moja: mwenye kamusi asiwe yule mkimya kuliko wote. Ataficha uso ndani yake mpaka kengele.

## Hatua ya 6: Kadi ya ushahidi

Kila kipande cha ushahidi kinaandikwa kwa mkono kwenye kadi yake, chenye mambo manne: chombo na tarehe; sentensi nzima ilivyo, ndani ya alama za kunukuu; sentensi hiyohiyo kwa kauli taarifa; na mstari mmoja wa "hii inatusaidia kwa sababu…"

Kadi ya kwanza niliyopokea iliandikwa hivi: "Mtandaoni wanasema akili mnemba." Ndiyo yote. Niliirudisha nikamwuliza binti yule, wanasema akina nani? Akarudi na jina la chombo. Lini? Akarudi na tarehe. Wamesemaje? Alipoleta sentensi nzima aligundua mwenyewe kwamba ukurasa ule ulitumia akili mnemba kwenye kichwa cha habari na akili bandia ndani. Hiyo ndiyo ikawa hoja kuu ya kikundi chake: gazeti lenyewe halijaamua.

Mstari wa tatu wa kadi ndio unaobeba lengo la sarufi, kwa hiyo wape mfano mmoja ubaoni na uuache hapo siku zote:

Kauli halisi: "Tutatumia neno hili kuanzia leo," mhariri alisema.
Kauli taarifa: Mhariri alisema kwamba wangetumia neno hilo kuanzia siku hiyo.

Piga mstari chini ya vilivyobadilika: tu- kuwa wa-, -ta- kuwa -nge-, hili kuwa hilo, leo kuwa siku hiyo. Wengi watakosea vionyeshi kabla ya nyakati.

Kadi pia ndiyo kinga yako dhidi ya barua zilizoandikwa na programu. Hupokei barua isiyo na kadi, na sentensi iliyo kwenye kadi lazima uikute kwenye PDF. Programu hizi huweza kubuni nukuu na kuitaja tarehe kwa uso mkavu. Nilipata moja ya namna hiyo. Tulitafuta ile sentensi pamoja na mwanafunzi mbele ya darasa kwa dakika tano, haikuwepo popote, akacheka mwenyewe akaenda kuandika nyingine.

## Hatua ya 7: Toa vigezo vya alama kabla ya kuanza

Vyangu, jumla 20: ushahidi unaothibitika 6, kauli taarifa sahihi 6, hoja na viunganishi 5, jibu kwa upande wa pili 3.

Angalia kisichokuwemo: usafi wa karatasi na michoro. Mwaka wa kwanza niliweka alama 5 za "uwasilishaji mzuri", nikaletewa maua ya kalamu za rangi kuzunguka hoja mbili.

Vigezo viwe nyuma ya karatasi ya kazi, na kikundi kijipe alama kwanza kwa penseli kabla ya kukukabidhi.

## Hatua ya 8: Endesha vipindi

Kipindi cha kwanza usiwashe kifaa chochote. Andika maneno matatu ubaoni, waulize lipi linawapendeza, wagombane. Mwishoni gawa karatasi ya kazi na majukumu.

Cha pili na cha tatu ni kusoma na kujaza kadi. Zunguka ukisoma kadi, usizunguke ukichungulia skrini. Dakika 20 za mwisho ndizo za kutafuta kwa uhuru, na kikundi kinaandika kwanza kwenye karatasi maneno kitakayoyatafuta. Wakikuletea ile idadi ya matokeo inayoonyeshwa na Google kama ushahidi, ikatae. Ni makadirio, na inachanganya kurasa za kila aina, zikiwemo zile za mashine.

Cha nne kadi zinapangwa mezani, barua inaandikwa. Vifaa vimezimwa tena. Kipindi hiki kitakuwa kimya kwa dakika kumi hivi na utapata wasiwasi kwamba hawafanyi kitu. Waache.

Cha tano, barua zinasomwa mbele ya mhariri wenu, naye anauliza maswali, kisha darasa linapiga kura.

Umeme ukikatika kipindi cha pili, kurasa ulizochapisha zinashika kazi. Chapisha seti moja kamili hata kama una vifaa vya kutosha. Stashenari ya mtaani itakutoza kwa ukurasa, kwa hiyo weka kurasa mbili kwenye upande mmoja wa karatasi.

## Hatua ya 9: Baada ya kura

Darasani kwangu unde lilipita kwa kura chache, mwalimu wa fizikia akasema ameshawishika nusu, na kundi la bandia wakakataa matokeo wakidai mwenyekiti, yaani mimi, alikuwa na upande. Walikuwa na haki.

Siku hiyohiyo chukua dakika kumi uandike kwenye andalio la somo mambo matatu: ukurasa ambao hakuna aliyeutumia (utoe), jukumu lililomalizika mapema (liongezee), na kosa la sarufi lililojirudia kwenye kadi. Kwangu lilikuwa "hii" kutokuwa "hiyo", na kipindi kilichofuata kilikuwa cha vionyeshi, nikitumia kadi zao wenyewe bila majina.

Usirudie neno lilelile kwa mkondo B. Barua za mkondo A zitakuwa bwenini kwao kabla ya chakula cha jioni. Badilisha mzozo: kompyuta, tarakilishi au ngamizi, televisheni au runinga, kishikwambi au tableti, simu ya mkononi au simu rununu. Kila neno lihifadhi kwenye folda yake, na kwenye jina la kila faili andika tarehe uliyoipakua, maana mwakani magazeti yatakuwa yamebadili msimamo na wanafunzi watakuuliza lini.